B.B. King akiwa na miaka 85: tulaumu uzee au wageni?

Tarehe 28 Juni 2011, katika ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London, mzee wa miaka 85 aliketi kitini mbele ya bendi yake, akampakata Lucille, akaanza kazi aliyokuwa ameifanya kwa zaidi ya miaka 60. Lucille ni gitaa. Mzee ni B.B. King, mtoto wa mashamba ya pamba ya Mississippi. Onyesho lile lilirekodiwa, na mwaka 2012 likatoka kama albamu na video. Tangu hapo wapenzi wa bluzi, muziki wa Wamarekani weusi wa kusini, hawajapatana: wapo wanaosema lingebaki kabatini, na wapo wanaolishika kama wosia.

Wanaolikataa wana hoja nzito, na hoja hiyo ina jina: Regal. Tarehe 21 Novemba 1964 King, akiwa na miaka 39, alirekodiwa katika ukumbi wa Regal, upande wa kusini wa Chicago, mtaa wa watu weusi. Wengi wao, au wazazi wao, walikuwa wamehama kutoka kusini mwa Marekani, kulekule alikotoka yeye. Nyimbo 10, dakika kama 35 tu. Ukiisikiliza albamu ile huambiwi na mtu kwamba ni bora, unasikia mwenyewe. King hakuwa na kawaida ya kuimba na kupiga gitaa kwa pamoja. Anaimba mstari, ananyamaza, Lucille anajibu. Halafu ukumbi nao unajibu, ndipo mambo yanapokolea. Kuna mahali anamlalamikia mwanamke kwamba yeye amempa watoto saba, na sasa mwanamke huyo anataka kumrudishia, na watu wanalipuka kwa kelele kana kwamba kila mmoja ana kesi ya namna hiyo nyumbani kwake. Mwaka 2005 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza rekodi hiyo katika orodha ya zile zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Miaka sita baada ya Regal, tarehe 10 Septemba 1970, King alipiga ndani ya jela ya Cook County, Chicago hiyohiyo. Albamu inaanza kwa wafungwa kuwazomea wakubwa wa sheria wanaotambulishwa kwao, kisha bluzi inaanza, na unaelewa mara moja kwa nini watu wale walimhitaji. Septemba 1974 alikuwa Kinshasa, kwenye tamasha la siku tatu lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, kwenye safu moja na James Brown, Miriam Makeba na Franco. Watu wa Kinshasa hawakuwa wa kufundishwa maana ya gitaa linaloongea.

Sasa mweke yule mtu wa 1964, wa 1970 na wa 1974 kando ya mzee wa London. Vidole vimekuwa vizito. Mahali alipopiga sauti tano za gitaa anapiga mbili. Anaongea sana kati ya nyimbo, anataniana na wapigaji wake, anasimulia, anapotea kidogo katika habari, anarudi. Wakosoaji wanauliza: kwa nini kumuuzia mtu kivuli wakati mwili wenyewe uko dukani kwa bei hiyohiyo? Wanaongeza jambo la pili, ambalo linaniuma zaidi: jina kubwa lina watu wengi wanaolila, na msanii mzee si rahisi kujua nani karibu yake anampenda na nani anahesabu tiketi. Kwetu swali hilo liliulizwa kuhusu Bi Kidude, aliyeimba Zanzibar na nje hadi uzee wa mbali kabla ya kufariki Aprili 2013. Si swali la kupuuza.

Hata hivyo nadhani wanaopima hivyo wanampima King kwa kipimo kisicho chake. Sifa yake haikuwa wingi wa sauti. Tangu ujana wake alijulikana kwa kuichagua sauti moja, kuitikisa kwa kidole cha mkono wa kushoto mpaka ilie, na kujua wakati wa kuiacha. Mtu wa namna hiyo akipoteza kasi hajapoteza mengi. Na koo lake, kwa umri ule, lilikuwa bado na ngurumo inayoshangaza. Hata yale maongezi siyaoni kuwa kasoro. Bluzi ni muziki wa mtu anayewaambia wenzake yaliyomkuta, na mzee aliyeishi barabarani tangu enzi za ubaguzi wa kisheria, aliyepiga maonyesho 342 katika mwaka 1956 pekee, ana haki ya kuchukua dakika zake kabla ya wimbo. Anayetaka nyimbo tupu bila mzee ana rekodi za studio kibao.

Kuna wimbo mmoja katika albamu ile ya London unaomaliza ubishi huu kwangu. Ni “See That My Grave Is Kept Clean” wa mwanabluzi Blind Lemon Jefferson, aliourekodi miaka ya 1920. Jefferson alikuwa mmoja wa wapigaji aliowapenda King tangu utotoni. Ni ombi la mtu anayewaambia walio hai waliweke kaburi lake katika hali ya usafi. Kijana anaweza kuuimba vizuri, akasifiwa. Mzee wa miaka 85, mwenye kisukari cha miaka mingi, akiuimba akiwa ameketi, hauwi tena wimbo wa kusifiwa. Sauti ya 1964, pamoja na nguvu zake zote, isingeweza kuubeba. Leo kaburi la King liko Indianola, Mississippi, katika viwanja vya jumba la makumbusho lenye jina lake.

Kinachoniudhi katika albamu hii kiko kwingine. Jukwaani walipanda wageni: wapigaji gitaa Derek Trucks, Susan Tedeschi, Ronnie Wood na Slash, na mwimbaji Mick Hucknall. Siwataji kwa ubaya. Trucks na Tedeschi hasa wanajua kusikiliza, na wote walikuja kumheshimu mwalimu. Lakini hesabu ni rahisi. Muziki wa King unahitaji nafasi tupu baada ya mstari, maana hapo ndipo Lucille anapojibu. Ukimzungushia magitaa matatu, kila pengo linapata mtu wa kulijaza. Mzee anauliza, na kabla gitaa lake halijafungua kinywa wameshajibu wengine. Upande wa ukumbi nako ni vilevile: watu wa London wanapiga makofi kwa adabu, wanamshangilia mtu wa historia. Wale wa Regal walikuwa wakijibizana na mtu wa kwao.

Naweza kuambiwa kwamba wageni aliwakubali mwenyewe, na kwamba King alikuwa na mkono wazi siku zote. Ni kweli. Katika miaka ya 1960 vijana wa Uingereza waliopenda bluzi ndio waliowasukuma Wamarekani weupe wengi kumtafuta, na hakulisahau hilo. Kukaa nao jukwaani London kulikuwa kulipa fadhila, na fadhila ni jambo jema. Ila aliyekuwa akichanganya sauti za albamu alikuwa na uwezo wa kushusha magitaa ya wengine na kumwacha mwenye nyumba asikike. Sehemu za mwanzo, yeye na bendi yake tu, zinathibitisha kwamba ingewezekana.

Mpaka wa kumpandisha mzee jukwaani, naona, ulivukwa baadaye. Aprili 2014 huko St. Louis onyesho lilimwendea vibaya mpaka watu wakaanza kupiga kelele na wengine kutoka, na wasaidizi wake wakaomba radhi wakieleza kwamba alikuwa amekosa dozi ya dawa ya kisukari na amechoshwa na safari ndefu ya basi. Hapo sina la kutetea. Basi lile lilipaswa kugeuzwa njiani. Badala yake aliendelea hadi tarehe 3 Oktoba 2014, alipougua akiwa jukwaani Chicago, mji uleule wa Regal, na ziara ikafutwa. Alifariki Las Vegas tarehe 14 Mei 2015. Kwa hiyo anayeniuliza aanze wapi namwambia aanze na Regal, aende jela ya Cook County, kisha afungue ile ya London na kuzisikiliza nyimbo za mwanzo mpaka ule wa kaburi, kabla jukwaa halijajaa watu.