Kumi Yangu Iliyotua kwa Jirani

Kwenye shabaha ya bastola ya upepo ya mita 10, duara la katikati lenye alama 10 lina upana wa milimita 11.5. Ni kifungo cha shati. Siku hiyo nilikitoboa kifungo hicho kwa pumzi iliyotulia na kidole laini kama cha mama anayepapasa embe sokoni. Kasoro ilikuwa moja tu: shati halikuwa langu.

Ilikuwa Ujerumani, Bavaria, kwenye mashindano ya ndani ya klabu moja ya kijijini. Risasi 40, mkono mmoja, huo mwingine unautia mfukoni usije ukaingilia mambo. Mimi mtoto wa Tanga nilikuwa kituo namba 5. Kulia kwangu, namba 6, alisimama mzee wa miaka 70 na ushei, fundi mstaafu, ambaye aliwahi kukaa Zanzibar wiki 2 akarudi na maneno manne ya Kiswahili. Anayatumia yote kila tukionana, hata kama hayana mahali pa kukaa.

Ukumbi ule bado unatumia karatasi. Kila karatasi ina sentimita 17 kwa 17, inabanwa kwenye kigari kidogo kinachotembea juu ya waya. Ukibonyeza kitufe inakwenda mita 10, ukibonyeza tena inarudi na habari zake. Tulipangiwa risasi moja kwa kila karatasi. Risasi zenyewe ni za milimita 4.5, zenye kiuno chembamba na kichwa bapa. Ubapa huo ndio unaokata tundu la mviringo lisilo na ncha, kama la mashine ya kutobolea karatasi, ili msimamizi asihangaike kusoma alama. Sote ukumbini tulitumia za aina hiyo. Kumbuka hilo, litanitokea puani baadaye.

Mizunguko mitatu ya mwanzo, kila mmoja risasi 10, nilipata 91, 90 na 91. Jumla 272. Rekodi yangu ilikuwa 358. Nikafanya lile ambalo kila mwalimu wa bastola hulikataza na kila mwanafunzi hulifanya: nikapiga hesabu. Nikipata 88 tu mzunguko wa mwisho, ninafika 360! Hesabu ni nzuri dukani. Kwenye mstari wa kulengea, mtu anayehesabu anaipiga risasi ya 40 akiwa bado ameshika ya 31. Dalili zake ni zile zile: unashikilia mkono juu sekunde 12 badala ya 5 au 6, jicho linachoka, kidole kinasubiri picha iwe kamilifu, na ikifika unaivuta triga kama kamba ya mbuzi.

Basi nikaona nijitulize. Nikahakikisha bastola haina risasi, nikachomeka kile kiuzi chenye rangi kali kinachoonyesha kuwa mtutu ni mtupu, nikaiweka mezani, nikarudi nyuma kunywa chai ya tangawizi. Mpaka hapo hakuna wa kunilaumu. Niliporudi mstarini nikauweka mkoba wangu wenye chupa ya chai nyuma ya kisigino cha mguu wa kushoto. Hapo ndipo shetani alipokaa.

Mpigaji anayetumia mkono wa kulia husimama ubavu, mguu wa kulia ukiwa upande wa shabaha na wa kushoto nyuma yake, kati yake kama sentimita 50. Mkono hauelekezwi kwa misuli ya bega. Unaelekezwa na miguu. Ukiulazimisha kwa bega utatii sekunde tatu, halafu misuli ikilegea kidogo, nao unarudi ulikotaka kwenda tangu mwanzo. Kwa hiyo ukiona bastola imeelekea pembeni, sogeza mguu wa nyuma, si mkono. Mguu wa nyuma ukienda mbele, upande zinakoelekea ncha za viatu, mtutu unahamia kulia. Kwa kiasi gani? Umbali wa shabaha ni mita 10, miguu imeachana nusu mita. Sentimita 5 za kiatu, kwa mahesabu ya haraka haraka, ni mita 1 kule mbele. Na mita 1, ndugu msomaji, ndiyo nafasi iliyokuwa kati ya karatasi yangu na ya mzee.

Mkoba ulinisukuma sentimita 5. Sikuhisi chochote.

Unaweza kuuliza kwani sikukagua. Nilikagua! Kuna njia ya kukagua msimamo ambayo haidanganyi: unafumba macho, unainua mkono, unauacha ushuke na kutulia wenyewe, unavuta pumzi moja, unafumbua. Nikafumba. Nikafumbua. Lahaula! Duara jeusi limekaa juu ya vilengeo vyangu pale pale panapotakiwa, katikati kabisa, kama embe juu ya ukuta. Siku nyingine huwa nasogeza mguu mara mbili tatu. Leo hata mara moja. Nikasema moyoni, chai ya tangawizi ina kazi yake.

Na namba? Juu ya kila karatasi kuna namba ya kituo, kubwa, nyeusi. Sasa hapa ndipo ufundi wenyewe uliponisaliti. Kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma kwenye bastola yangu kuna kama sentimita 33. Kilengeo cha mbele kikipotoka milimita 1 tu ndani ya pengo la nyuma, risasi inapotoka milimita 30 kwenye karatasi, na iliyokuwa 10 inakuwa 7. Lakini mkono mzima ukitikisika milimita 1 bila vilengeo kuachana, risasi nayo inapotoka milimita hiyo hiyo 1, na bado ni 10. Ndiyo maana jicho hukazwa kwenye kilengeo cha mbele, shabaha ukaiacha iwe ukungu. Miezi nilijifunza kuiacha iwe ukungu. Siku hiyo ukungu ulikuwa wa hali ya juu. Na katika ukungu, 5 na 6 ni mtu na pacha wake.

Nikapakia. Nikainua mkono juu ya duara, nikaushusha polepole mpaka kwenye weupe ulio chini yake. Triga ya mashindano haitakiwi kufyatuka chini ya gramu 500, na uzito huo una ngazi mbili. Nikamaliza ngazi ya kwanza wakati mkono unashuka, nikabaki ukutani, kwenye ile ngazi ya pili ngumu. Kidole kikaendelea kuongeza uzito taratibu, bila kuuliza. Ikafyatuka kabla sijaamua. Nikashikilia picha ile ile sekunde mbili zaidi, kama inavyopaswa, na kabla sijaona kitu nilijua ni 10. Mpigaji aliyezoea huisoma risasi yake pale inapotoka.

Nikabonyeza kitufe. Karatasi ikaja nyeupe pee, kama kanzu ya Idi.

Nikaitazama. Nikaigeuza nyuma, labda risasi imeingilia mlango wa uani. Nikachungulia kopo: risasi zimepungua moja. Nyuma ya mgongo wangu nikasikia kigari cha mzee kinarudi, kinalia ngrrr, halafu kimya. Kimya kirefu. Kisha mzee akainua mkono kumwita msimamizi.

Akaja mama mmoja, miwani ikining'inia kifuani. Karatasi ya mzee ilikuwa na matundu mawili: moja 10, katikati ya kifungo, lingine 6, limejibanza pembeni kama mgeni asiyealikwa.

"Nani kapiga mara mbili?" akauliza.

"Mama, ile 10 ni yangu," nikasema, nikiwa na haraka ya kusifiwa kuliko ya kujitetea. "Hiyo 6 ndiyo ya mzee."

"Una hakika?"

"Wallahi."

Mzee akakuna kidevu. Akasema yeye hana hakika ya lolote, mkono ulitikisika, lakini huwezi kujua.

Mama akavaa miwani, akayapima matundu. Mapacha. Basi akanisomea kanuni, kwa upole wa daktari. Risasi ya mashindano iliyopigwa kwenye shabaha ya mwingine huhesabiwa kuwa imekosa: mimi, sifuri. Na kama haiwezekani kuthibitisha ipi ni ya mwenye shabaha, hupewa yenye alama kubwa zaidi. Mzee, 10.

Maana yake nilikuwa nimempiga mzee jeki ya alama 4 kutoka mfukoni mwangu, huku mimi mwenyewe nikiondoka mikono mitupu. Mzee akaniinamia, mkono kifuani, na katika yale maneno yake manne akachagua mawili. Kwa mara ya kwanza yalikuwa na mahali pa kukaa:

"Asante sana."

Ukumbi mzima ulicheka, hata aliyekuwa kituo namba 1 akalazimika kushusha bastola na kuanza upya.

Zilibaki risasi 9. Kufika 360 kulihitaji 88 kati ya 90, jambo ambalo sikuliwaza hata kidogo, kwa sababu mtu mwenye sifuri haendi dukani. Nikausogeza mkoba, nikarudisha mguu, nikasoma namba kwa sauti. Zikatoka 10, 9, 10, 10, 9, 10, 9, 10, 10. Jumla 87. Matokeo ya mwisho: 359. Niliivunja rekodi yangu nikiwa na sifuri ndani yake.

Mzee alimaliza na 360, akashika nafasi ya kwanza. Zawadi ilikuwa paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Alipolikata akataka kunigawia nusu, kwa haki kabisa, maana nusu ilikuwa yangu. Nikamwambia haki yangu nimemsamehe dunia na akhera.

Siku hizi mazoezini nachora viatu vyangu sakafuni kwa chaki, na mkoba hukaa mbele, chini ya meza. Namba naisoma kabla ya kupakia risasi. Wengine hushauri uisome ukishafumbua macho. Mimi nasema wakati huo umechelewa, jicho limeshaliona embe na haliulizi tena la nani.

Ijumaa iliyofuata nilikuta karatasi imebandikwa chini ya namba yangu 5, yenye mshale mkubwa mwekundu na mwandiko wa mzee aliyetafuta maneno mapya bila mwalimu:

WEWE NI HAPA.