Akitopu za zamani: kinachoitwa kasoro ndicho kilichokusudiwa

Lawama kwa magita ya akitopu, yaani yenye uso wa mbele uliobinuka, ya miaka ya 1920 na 1930 hazibadiliki: bei kubwa, besi hafifu, noti inakufa kabla hujaifaidi. Mwenye kulalamika kwa kawaida amelijaribu gita akiwa peke yake chumbani, akapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za wazi kama angepiga gita bapa, lenye uso ulionyooka, akalirudisha ukutani. Alichosikia ni kweli. Alichokosa ni bendi.

Kampuni ya magita ya Gibson ilipotoa L-5 mwaka 1922, wakati mbunifu Lloyd Loar akiwa kiwandani kwao Kalamazoo, Michigan, waliazima ufundi wa fidla: kifua (ubao wa mbele) cha mti wa sprusi kilichochongwa kikabinuka, na matundu mawili ya herufi f. Daraja, kipande kinachobeba nyuzi juu ya kifua, halikugundishwa. Nyuzi hupita juu yake na kushikwa mkiani, kwa hiyo hulikandamiza kwenda chini badala ya kulivuta. Ndiyo maana sauti hutoka ghafla, katikati ya masafa, kisha hukatika.

Huko kukatika ndiko kunakodharauliwa, na ndiko kwenye thamani. Panga saksofoni, trampeti, tromboni na ngoma: kodi inayoendelea kuvuma hulivuruga pigo linalofuata, nayo besi ya gita hugombana na ala ya besi yenyewe. Mpiga gita Freddie Green alikaa na bendi ya jazi ya Count Basie takriban miaka 50 tangu 1937, akipiga mapigo manne kwa kila baa. Nyuzi zake zilikuwa juu mno, na katika kodi zake mara nyingi noti moja au mbili tu ndizo zilizosikika. Zilitosha. Mbio za kupanua mwili wa gita nazo zilikuwa mbio za kusikika: L-5 ya awali inchi 16, Super 400 ya Gibson ya mwaka 1934 inchi 18 (kwa dola 400, kama jina lake), Stromberg Master 400 ya Boston inchi 19. Umeme ndio uliozimaliza.

Akitopu nyingi za zamani zinazouzwa leo zimefungwa nyuzi nyembamba za gita la umeme, za inchi 0.010, nazo hazina uzito wa kukisukuma kifua kinene. Funga nyuzi za bronzi za 0.012 au 0.013, ikiwa shingo ni nzima, uinue nyuzi kama milimita 2.5 kwenye freti (kijiti cha chuma shingoni) ya 12, ndipo uhukumu. Kagua pia miguu ya daraja. Ikiachia mwanya hata wa karatasi, nguvu hupotea hapo. Tandika msasa juu ya kifua, upande mkali ukitazama juu, usugulie daraja hapo taratibu mpaka likae sawasawa. Noti ya freti ya 12 ikiwa juu kuliko inavyotakiwa, sogeza daraja kuelekea mkiani.

Wanaoogopa gharama, hata hivyo, hawaogopi bure. Daraja likishushwa mpaka mwisho na nyuzi zikabaki juu, pengine shingo itahitaji kung'olewa na kugundishwa upya, kazi inayoweza kuzidi bei ya gita la kawaida. Kifua kilichodidimia chini ya daraja ni kibaya zaidi. Pitisha kioo kidogo kwenye tundu la f uone kama fito za ndani zimeachia. Kibao kinachokinga kifua dhidi ya mikwaruzo ya kucha ni mtego mwingine: seluloidi ya zamani ikianza kuoza hupasuka, hutoa mvuke wenye asidi, na chuma kilicho karibu, nyuzi, freti, hata kishikizo cha mkiani, huota kutu ya kijani. Kiondoe, ukihifadhi mbali na gita, penye hewa na mbali na moto.

Wa bajeti ndogo huambiwa achukue Harmony au Kay, chapa za bei nafuu. Ni ushauri wa nusu. Nyingi kati ya hizo kifua chake kilikandamizwa kwa joto, hakikuchongwa, na shingo nyingi hazina fito ya ndani ya kurekebisha unyoofu wake. Kwa mapigo ya swingi, mtindo wa jazi, bado zinafanya kazi vizuri, mradi shingo imenyooka. Ila anayepiga peke yake kwa vidole na kutaka kila uzi uvume, anunue gita bapa. Akitopu haitamfaa hata akipewa L-5 bure.