Mnaogopa jina, pumzi hamzihesabu

Januari 2025 simu yangu haikupumua. Kundi la ukoo, la kikoba, la tuliosoma pamoja, kote ni sauti ileile ya dakika nne, mtu anahema kama kakimbizwa na nyuki: kirusi kipya China, hospitali zimejaa, tunafichwa! Shangazi yangu akanunua barakoa boksi zima. Shangazi huyu huyu ambaye wakati wa korona alisema barakoa inamkaba.

Kipya wapi? Kirusi chenyewe, HMPV, cha mafua na kikohozi, kilitambuliwa Uholanzi mwaka 2001, na walipopima damu iliyohifadhiwa tangu 1958 wakakuta kinga dhidi yake imo tayari. Karibu kila mtoto hukutana nacho kabla hajafikisha miaka 5. Wewe unayesoma hapa ulishakiugua, ukaambiwa mafua hayo, ukachuliwa kifua, ukalala. Tarehe 7 Januari Shirika la Afya Duniani likaeleza kwamba wagonjwa wa China hawakuzidi kiwango cha kawaida cha majira yao ya baridi. Hiyo hakuna aliyeisambaza. Haina kuhema ndani yake.

Wiki hiyohiyo mtoto wa dada yangu, miezi 9, alikuwa anakohoa siku ya tatu. Sebuleni tunaijadili China, yeye yuko mgongoni kwa mama yake. Dawa? Alishapewa. Dada alipita duka la dawa, akasema "kifua", akakabidhiwa antibayotiki ya maji na sirapu ya kikohozi. Mtoto hakuguswa, hakutazamwa. Antibayotiki haiui kirusi, chochote kile, na hiki cha HMPV hakina dawa yake wala chanjo.

Kilichotuokoa ni jirani, nesi mstaafu, aliyekuja kuomba ndimu.

"Mteremshe. Mfunue nguo."

Akazima televisheni yetu bila kuomba ruhusa, akaweka simu yake dakika moja, macho kwenye kitumbo kile. Nikaona nilichokuwa nakitazama tangu asubuhi bila kukiona: kila akivuta hewa, chini ya mbavu panaingia ndani. Pumzi 58. "Umri huu, ikifika 50 anapumua haraka. Na hapo anaponyonya anaachia achia. Mnangoja nini?"

Bajaji, hospitali, oksijeni siku mbili. Kirusi gani? Hatukuambiwa, wala sikuuliza. Kiwe HMPV, kiwe kingine, kifua kilichochoka kinataka hewa, hakitaki jina.

Najua wauza dawa mtanijia juu. Sawa, nakubali, shingo upande: mhudumu wa zahanati akiona dalili za nimonia humwanzishia mtoto antibayotiki, amoksilini, maana kwa macho hawezi kutenganisha bakteria na kirusi. Lakini yule kamhesabia pumzi kwanza! Hakumpitishia chupa dirishani kwa neno moja.

Kunawa mikono, ndiyo. Mwenye mafua asimbusu mtoto mchanga, ndiyo, hata kama ni bibi. Wazee na wenye pumu nao wana haki ya kuogopa kirusi hiki. Ila kwa mtoto mdogo, dakika moja ya kumfunua na kuhesabu haigharimu hata shilingi, na kwenye makundi yote yale sikuona mtu mmoja aliyeitaja.

Shangazi bado ana boksi lake. Juzi kanitumia sauti nyingine, dakika sita. Nimemuuliza kama saa yake ya ukutani ina mshale wa sekunde.