Sikio la tatu

Mwaka 1552 askofu wa kwanza wa Brazili, Pero Fernandes Sardinha, alifika Salvador da Bahia akakuta jambo lililomkera. Wajesuiti, watawa wa shirika la Kikatoliki waliomtangulia kwa miaka mitatu, walikuwa wakiungamisha watu kwa mkalimani. Mwenye dhambi kapiga magoti, padre kakaa, na kati yao yupo mtu wa tatu anayegeuza dhambi kutoka Kitupi, lugha ya wenyeji wa pwani ya Brazili, kwenda Kireno, na malipizi kutoka Kireno kwenda Kitupi. Huyo wa tatu pengine alikuwa mwanamke, pengine mtoto tu: chotara wa baba Mreno na mama Mtupi, au yatima aliyeletwa kutoka Lisbon akashika lugha ya pwani upesi kuliko mapadre wenyewe.

Sardinha hakuwa mgeni wa misheni; alishatumikia India kabla ya hapo. Na hoja yake ilikuwa na uzito. Maungamo ni siri ya watu wawili mbele ya Mungu, na siri ikishaingia sikio la tatu, tena la mtoto, nani ataifunika? Aliwakemea pia Wajesuiti kwa kuwaacha wavulana waimbe nyimbo za dini kwa mahadhi na ala za Kitupi. Lakini hili la mkalimani lilimchoma, hata akaandika kwamba lisingefaa kufanywa hata wangelitetea mamia ya wanazuoni wa aina ya Navarro.

Kumtaja Navarro kulikuwa kijembe. Manuel da Nóbrega, mkuu wa Wajesuiti wa Brazili, alisomea sheria za Kanisa Salamanca na Coimbra, na Martín de Azpilcueta, aliyejulikana kama Navarro, alikuwa mwalimu wake. Msimamo wa mwalimu ulikuwa wazi: Mkristo halazimiki kuungama kwa mkalimani, lakini akitaka mwenyewe, anaruhusiwa. Kwa sheria Nóbrega ameshinda. Sheria ya Kanisa ya 1983 inasema vilevile, na inamfunga mkalimani kutunza siri. Kwa huruma pia naona ameshinda, kwa sababu wengi wa waliohitaji mkalimani siku zile walikuwa wake wenyeji wa Wareno, watoto wao na watumwa wao, watu waliokwisha kubatizwa. Kuwaambia wangoje padre ajue lugha ilikuwa sawa na kuwaambia baadhi yao wafe bila maondoleo.

Nilikuwa upande wake kabisa, mpaka nilipotazama kilichotokea mkalimani alipoondolewa.

Maana Wajesuiti walijifunza lugha kweli. José de Anchieta, aliyefika 1553 akiwa na miaka 19, aliiandikia sarufi iliyochapwa Coimbra mwaka 1595. Mwaka 1618 ikatoka Lisbon katekisimu ya Kitupi ya António de Araújo, na ndani yake mwongozo wa maungamo: maswali yamepangwa amri kwa amri. Uliyaamini maneno ya pajé, yaani mganga? Ulilewa? Ulilala na nani, na huyo ni nani kwako? Mkalimani, hata angekuwa mtoto mropokaji, alibeba kile mtu alichokuja nacho. Orodha ya maswali inamtangulia mtu. Inamfundisha dhambi zake kabla hajafungua kinywa.

Tuliozoea Kiswahili tunaweza kuusahau ugumu wa kazi hiyo. Wamisionari wa karne ya 19 walipofika pwani yetu waliyakuta maneno dhambi na toba yamekaa tayari, Uislamu umeyaleta karne nyingi kabla. Wao waliazima tu. Wa Brazili walishika neno angaipaba, ambalo ndani yake mna nafsi na ubaya. Kuungama wakakuita nhemombe'u, yaani kujisimulia.

Na hapo ndipo penye utamu, au uchungu. Mtupi alikuwa hodari wa kujisimulia. Mwanamume aliyemuua mateka katika sherehe za kijiji alijipatia jina jipya na kuchanjwa mwilini, na ushujaa wake aliutangaza kwa sauti kubwa mbele ya watu. Kadiri majina yalivyozidi ndivyo heshima ilivyopanda. Mtu huyohuyo sasa anaambiwa asimulie tendo lilelile kwa kunong'ona, ameinamisha kichwa, amwambie mgeni mmoja, kisha aseme anajuta. Nasita kuita hilo tafsiri.

Idadi nayo ilikuwa kazi. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, mwaka 1551 ulidai dhambi za mauti zitajwe moja moja. Majina ya namba ya Kitupi yaliishia nne, irundyk. Kuzidi hapo mtu alionyesha vidole. Hebu fikiria mwungamaji anayeulizwa ni mara ngapi amelewa tangu Kwaresima iliyopita, anatazama mikono yake, halafu miguu.

Undugu ulikuwa mgumu zaidi. Kwao mtoto wa dada alikuwa mke anayefaa sana kwa mjomba, ilhali mtoto wa kaka aliitwa binti, na binti haolewi na babaye. Anayemwita ndugu wa babake baba mdogo hahitaji maelezo marefu hapo. Lakini kwa Kanisa wote wawili ni mabinti wa ndugu, katazo ni moja. Kwa hiyo swali la "ni nani kwako?" lilikuwa linapanga upya ukoo mzima.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaosema maungamo yalikuwa kitanzi cha mkoloni tu. Kitanzi hicho kilimbana Mreno pia. Wajesuiti walikataa kuwaondolea dhambi walowezi walioshika watumwa wa Kitupi kinyume cha haki, na Nóbrega alilalamika kwamba makasisi wengine waliwapokea watu haohao na kuwaruhusu waende zao. Katika koloni ambako sheria ya mfalme ilikuwa haifiki mbali, kunyimwa maondoleo ilikuwa moja ya adhabu chache ambazo mwenye watumwa angeweza kuionja. Siisahau hiyo. Sisahau pia kwamba Nóbrega huyohuyo, kufikia 1558, alikuwa akitaka Watupi watiishwe kwa nguvu ya gavana ndipo wahubiriwe.

Halafu likaja tauni na ndui, miaka ya 1562 na 1563, likafyeka vijiji vya Bahia kwa maelfu. Mapadre walikimbia kutoka kitanda hadi kitanda kubatiza na kuungamisha wanaokata roho. Waganga walisema maji ya ubatizo ndiyo yanayoua. Kwa aliyekuwa akitazama tu, padre akiingia na mgonjwa akifa baada ya saa moja, dai hilo halikuwa la kipumbavu.

Sehemu kubwa ya haya tunayajua kwa barua za Wajesuiti, zilizosomwa kwa sauti katika nyumba zao za Ulaya ili kuwatia wenzao moyo. Barua hizo zinawasifu sana wavulana wakalimani. Baadaye zinawalalamikia walewale waliolelewa shuleni mwao: wamebalehe, wamerudi kwa ndugu zao, kwenye ngoma na pombe ya cauim. Sardinha hakuwepo kusema nilijua. Aliuawa na Wakaeté, kabila la wenyeji wa pwani, mwaka 1556, baada ya meli yake kuvunjika akirudi Ureno. Na kama kati ya vijana hao alikuwemo aliyewahi kusimama kati ya padre na mwungamaji, aliingia kijijini akiwa anajua yaliyomo mioyoni mwa nusu ya watu wake.