Muuaji wa Kukodiwa Riwayani: Tunamfukuza Asiyestahili?

Muuaji wa kukodiwa wa riwaya za upelelezi tunamfahamu kiasi cha kumchoka. Hana jina la kweli, pasipoti anazo nne, na kachero akivunja mlango wa chumba chake cha hoteli hukuta kitanda kimetandikwa na dirisha liko wazi. Wapo wasomaji wanaosema mtu huyo ni uongo mtupu, na kwamba riwaya zingekuwa bora bila yeye. Hoja yao si ya kupuuzwa.

Mwaka 2014 wataalamu wa jinai wa Chuo Kikuu cha Birmingham City walichapisha uchambuzi wa kesi 27 za mauaji ya kukodi nchini Uingereza, za kuanzia 1974 hadi 2013. Wastani wa malipo ulikuwa pauni 15,180. Kima cha chini kabisa kilikuwa pauni 200, na aliyezipokea alikuwa kijana wa miaka 15. Hata waliojijengea sifa ya ubingwa hawakuwa na maajabu. Richard Kuklinski wa Marekani alijigamba kuwa ameua zaidi ya watu 100, madai ambayo wengi wanayatilia shaka. Kilichomponza, mwaka 1986, ni afisa wa serikali aliyejifanya mhalifu mwenzake na kurekodi maongezi yao kwa siri. Hakuna aliyerukaruka juu ya mapaa.

Ila ushahidi wa aina hii una tundu. Unatokana na mauaji yaliyogunduliwa kuwa ni ya kukodi. Kifo kilichoandikwa kuwa ajali hakimo. Kwa hiyo takwimu haziwezi kuthibitisha kwamba muuaji stadi hayupo. Zinachothibitisha ni kwamba wasio stadi ni wengi, na riwaya haijawahi kuandikwa kwa ajili ya wastani.

Tena kuna suala la ufundi ambalo wakosoaji hulipita haraka. Kachero wa kawaida huanza kwa kuuliza nani alimchukia marehemu, nani atarithi, nani alikuwa anamdai. Muuaji wa kukodiwa hana chuki wala urithi, na pengine hakuwahi kumwona marehemu kabla ya wiki ile. Mwenye sababu, saa ya tukio, yuko harusini mbele ya mashahidi mia. Kachero amenyang'anywa silaha yake ya kwanza, na mwandishi analazimika kumtafutia njia nyingine ya kufikiri. Taharuki hiyo huwezi kuipata kwa mhuni wa pauni 200 anayejisifu baa kesho yake.

Mfano ulio wazi zaidi ni The Day of the Jackal, riwaya ya Frederick Forsyth iliyotoka 1971. Kundi la OAS, la siri la Wafaransa waliopinga uhuru wa Algeria, ambalo kweli lilijaribu na kushindwa kumuua Rais Charles de Gaulle huko Petit-Clamart Agosti 1962, riwayani linamkodi Mwingereza asiye na faili popote, kwa jina la siri Jackal, kwa dola nusu milioni. Wasomaji walijua fika kwamba de Gaulle alifariki nyumbani kwake Novemba 1970, na bado walikesha na kitabu. Lakini tazama siri inavyovuja. Jackal hajakosea lolote. Anayekamatwa na kuteswa mpaka akasema ni mlinzi wa upande wa wateja wake. Kuanzia hapo kachero wa Ufaransa anayemsaka, Claude Lebel, hategemei kipaji cha kimiujiza. Maombi ya pasipoti yanapekuliwa London, kadi za wageni wa hoteli zinakusanywa Ufaransa, simu zinasikilizwa. Forsyth alitoka kwenye uandishi wa habari, na kwangu kurasa hizo za makaratasi zinasisimua kuliko bunduki yenyewe.

Ndiyo maana sikubaliani kikamilifu na upande wowote. Ustadi wa muuaji haunisumbui. Kinachonisumbua ni riwaya kumsahau mteja. Mauaji ya kukodi ni biashara yenye anayelipa, anayeua na, mara nyingi, dalali katikati. Muuaji anaweza kujifunza kufuta alama za vidole, lakini hawezi kumfundisha mteja wake kunyamaza. Mteja ana mke, ana akaunti benki, ana hofu. Na uvujaji huenda pande zote mbili: kundi la New York lililoitwa Murder, Inc. lilisambaratika baada ya Abe Reles, mmoja wa wauaji wake, kuamua mwaka 1940 kushirikiana na waendesha mashtaka ili aokoe shingo yake. Yeye alianguka kutoka dirisha la hoteli mwaka uliofuata akiwa chini ya ulinzi wa polisi, lakini Louis Buchalter, bosi aliyekuwa akiagiza mauaji, aliuawa kwenye kiti cha umeme mwaka 1944.

Riwaya nyingi hazifiki huko. Risasi moja inampata muuaji, na aliyelipa anamalizwa kwa sentensi mbili kana kwamba alikuwa karani tu. Kwa kachero makini hiyo ni nusu ya kesi, maana katika nchi nyingi aliyeagiza ana hatia ya mauaji kama aliyefyatua. Kwa msomaji ni hasara pia: mtu anayevutia zaidi katika kisa chote, yule mwenye kazi na familia aliyekaa chini akauliza bei ya roho ya mwenzake, ameachwa pembeni kwa sababu hajui kuunganisha bunduki.