Asilimia Moja ya Nani?

Ni nadra mawaziri wa sayansi wa Afrika wakutane na kutawanyika bila kuacha tamko lenye sentensi ileile: kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Sentensi hiyo ni ya tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980, mpango wa pamoja wa nchi za Afrika wa kukuza uchumi. Ikarudiwa Khartoum mwaka 2006, ikarudiwa Addis Ababa mwaka 2007, kisha ikabebwa na mkakati wa miaka kumi wa Umoja wa Afrika, STISA-2024, uliopitishwa Malabo mwaka 2014 na ambao muda wake umekwisha. Kwa hesabu za UNESCO, nchi zilizo kusini mwa Sahara zilitumia kwa wastani kama asilimia 0.5 mwaka 2018, huku wastani wa dunia ukikaribia asilimia 1.8.

Baada ya hapo kila upande una majibu yake tayari. Wanasayansi wanasema viongozi hawana utashi. Wizara za fedha zinasema pesa haipo. Wote wana hoja, ila naona wote wanagombania namba ambayo haistahili ugomvi mkubwa kiasi hicho. Kuna nchi zilishawahi kuifikia, na hazikupata kile ambacho namba hiyo iliwekwa ili kukileta.

Ripoti ya kwanza ya Umoja wa Afrika kuhusu hali ya ubunifu barani ilikuwa ya mwaka 2010, ikitumia takwimu za mwaka 2007. Kati ya nchi zilizopimwa, tatu zilikuwa zimevuka asilimia 1: Afrika Kusini, Uganda na Malawi. Ya kwanza haimshangazi mtu. Hizo mbili nyingine zinataka maelezo, na kwa Uganda sehemu kubwa ya maelezo ni kwamba karibu nusu ya pesa hiyo ilitoka nje ya nchi. Kenya nayo ilihesabiwa kuwa na asilimia 0.79 mwaka 2010, kiwango kinachoonekana kizuri mpaka uone kwamba karibu nusu yake pia ni ya wafadhili. Takwimu hupima matumizi yote yanayofanyika ndani ya mipaka ya nchi, bila kujali nani amelipa. Kwa hiyo waziri anaweza kusimama jukwaani akajisifu kuwa nchi yake inakaribia lengo, wakati anayeamua ni ugonjwa gani uchunguzwe, kwa miaka mingapi, ni mfadhili aliyeko Seattle au London.

Hebu tuanze na upande wa Hazina, maana ndio unaotukanwa zaidi na kusikilizwa kidogo. Mwaka 2013 Kenya ilipitisha sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu iliyounda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na sheria hiyo inasema mfuko upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Si asilimia 2 ya bajeti, ni ya pato lote. Mwaka 2023 pato hilo lilikuwa kama shilingi trilioni 15, hivyo sehemu ya mfuko ingekuwa shilingi bilioni 300. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 kaunti zote 47 kwa pamoja zilitengewa mgao wa bilioni 385.4. Yaani mfuko mmoja wa utafiti ungechukua pesa inayozidi robo tatu ya ile inayoendesha hospitali, barabara za vijijini na maji katika nchi nzima. Na hii ni nchi ambayo Juni 2024 vijana walijaa barabarani mpaka mswada wa kodi ukaondolewa. Ofisa wa bajeti anayeikwepa asilimia 2 hiyo hawezi kuitwa adui wa sayansi. Anafanya hesabu tu.

Wabunge walioipitisha sheria hiyo hawakuwa na mpango wa kuilipa, na hapo ndipo namba kubwa inapofanya madhara. Ahadi isiyolipika haina mtu anayebanwa nayo. Mfuko ukipata bilioni chache, hakuna anayejua kama hicho ni kipimo cha juu au cha chini, kwa sababu kipimo rasmi kiko juu mawinguni. Kama sheria ingetaja kiasi kidogo kinachowezekana, kamati ya bunge ingeweza kumuita waziri na kumuuliza kwa nini robo ya pili ya mwaka haijalipwa.

Hazina ina hoja ya pili, nayo si nyepesi: hata pesa ikipatikana, itazaa nini? Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha, na ripoti ikishawasilishwa inalala kabatini. Upande wa ubunifu, serikali zimejaribu kuvuka pengo hilo kwa kuingia zenyewe kwenye biashara. Uganda ilichukua gari la umeme lililotengenezwa na timu ya Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011 ikaliundia kampuni, Kiira Motors, ambayo leo inaunda mabasi ya umeme na ina kiwanda Jinja. Wanaoipinga wanasema fedha za umma zimezama humo kwa muda mrefu kuliko ambavyo mwekezaji yeyote angevumilia. Wanaoitetea wanasema huwezi kupata mafundi na wahandisi wa magari bila kuwapa gari la kuunda. Nashindwa kuwa upande wowote kwa moyo mmoja, na sababu ni kwamba mwanzoni hakikutamkwa kipimo kinachoeleweka na umma: baada ya miaka kadhaa, tukiona nini tutasema imefaulu, na tukiona nini tutafunga?

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, pengine kwa sababu inaudhi. Maarifa yakishapatikana hayana mwenyewe. Kwa nini nchi maskini ilipie ugunduzi ambao tajiri ataulipia hata hivyo? Simu za mkononi zilituenea bila sisi kuzivumbua. Kwa teknolojia nyingi hoja hii ni sahihi, na anayeikataa yote anadanganya.

Kwa muhogo haifai. Ugonjwa wa michirizi kahawia, unaoozesha mzizi ardhini wakati majani juu yanaonekana ya kuridhisha, ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, katika miaka ya 1930. Watafiti wa hapo walianza kuchanganya muhogo na mmea wa jamii yake, mpira wa Ceara, wakarudia uzao kwa uzao kwa takriban miaka ishirini. Katika kazi hiyo ilitoka aina iitwayo Namikonga, ambayo upande wa Kenya inajulikana kama Kaleso. Kisha mradi ukafungwa. Mwaka 2004 michirizi kahawia ililipuka Uganda, kwenye maeneo ya mwinuko ambako ilidhaniwa haiwezi kushamiri, ikaenea ukanda wa Maziwa Makuu. Wataalamu wa mbegu walipohitaji chanzo cha ukinzani, moja ya mimea waliyoiendea ni Namikonga. Hakuna nchi tajiri ambayo watu wake wangelala njaa kwa kuoza kwa muhogo, kwa hiyo hakuna ambayo ingesukumwa na haja yake yenyewe kuilipia kazi hiyo kwa miaka yote ile. Na kama kingetumika kipimo cha leo cha mradi wa miaka mitatu, Amani ingefungwa kabla ya kupata chochote.

Muda mrefu, basi. Hapo ndipo ninapoona kiini cha suala zima, na ndipo historia yetu ya Afrika Mashariki inapouma. Jumuiya ya zamani ilikuwa na mashirika ya pamoja ya utafiti: kilimo na mifugo huko Muguga, viuatilifu Arusha, uvuvi Jinja, na vituo vya magonjwa katika nchi zote tatu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na vipande vilivyokuwa kwenye ardhi yake. Mwaka 1979 Tanzania ikaunda NIMR kwa ajili ya magonjwa ya binadamu, Kenya ikaunda KEMRI kwa kazi inayofanana. Taasisi hizo zimefanya mengi makubwa, lakini kila moja ilianza na bodi yake, maabara zake na bajeti yake kwa ajili ya malaria ileile na mbu walewale. Anayetetea fedha za pamoja za bara ana ushahidi hapo. Anayezipinga naye ana ushahidi uleule: kilichojengwa kwa pamoja kilivunjwa na ugomvi wa siasa usiohusiana na mbu wala muhogo.

Hofu hiyo haijapitwa na wakati. Mwaka 2016 mjini Kigali wakuu wa nchi walikubaliana kutoza asilimia 0.2 kwenye bidhaa zinazoingia kutoka nje ya bara ili Umoja wa Afrika ujilipie wenyewe. Ni baadhi tu ya wanachama waliotekeleza. Kama umoja unapata shida kulipia shughuli zake wenyewe, ni vigumu kuamini utalipia maabara kwa miaka ishirini. Nairobi nako kulikuwa na jaribio la kuhamishia maamuzi barani: mwaka 2015 Akademia ya Sayansi ya Afrika ilianza kusimamia ruzuku kubwa za wafadhili kama Wellcome na Gates Foundation, kwa ushirikiano na NEPAD, shirika la maendeleo la Umoja wa Afrika. Miaka michache baadaye wafadhili walitofautiana na Akademia, wakaziondoa programu hizo hapo na kuzipeleka kwenye taasisi mpya jijini humohumo, Science for Africa Foundation. Sijali sana nani alikuwa na haki katika ugomvi wao. Ninachokiona ni kwamba mwenye pesa aliweza kuihamisha.

Nisieleweke vibaya kuhusu pesa za nje. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021, ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Kilifi na Bagamoyo vikiwemo, na gharama hazikubebwa na serikali zetu. Anayesema pesa hiyo ni ukoloni mtupu aende kuwaambia wazazi wa watoto waliochanjwa. Tatizo lake ni kwamba hukatika kwa sababu zisizotuhusu. Mwaka 2021 Uingereza ilipopunguza misaada, miradi iliyokwisha kutia saini iliambiwa ikate bajeti katikati ya safari. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na jaribio la chanjo ya VVU lililokuwa linaongozwa na Waafrika, mradi wa BRILLIANT wenye ahadi ya zaidi ya dola milioni 45 kutoka USAID, likasimama likiwa limebakiza siku chache kuanza. Hakuna aliyedai kwamba sayansi yake ilikuwa mbovu.

Kinyume chake ni Novemba 2021, aina ya virusi vya korona iliyokuja kuitwa Omicron ilipotangazwa na wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana. Mtandao wa Afrika Kusini wa kusoma vinasaba vya virusi uliundwa mwaka 2020 kwa pesa ya serikali yao, haraka, bila kusubiri kuandika maombi ng'ambo. Lakini mashine nyingi na ujuzi mwingi vilikuwa vimejengwa kwa miaka ya nyuma na fedha za kigeni za VVU, na maabara ya Gaborone iliyoiona Omicron ni ya ubia kati ya serikali ya Botswana na Chuo Kikuu cha Harvard. Fedha ya ndani haikuwa kubwa. Ila ilikuwepo siku ilipohitajika, na waliokuwa nayo waliweza kuuliza swali lao wenyewe.

Nigeria imeona mapema kwamba kinachohitajika ni chanzo kisichoombwa upya kila bajeti. Kuanzia miaka ya 1990 hadi 2025 ilitoza kampuni kodi ya elimu, iliyoanza na asilimia 2 ya faida ikafika 3 mwaka 2023, na mapato yake yalikwenda kwenye mfuko wa vyuo vya umma, TETFund. Mfuko huo sasa una dirisha la ruzuku za utafiti zinazoshindaniwa. Una kasoro: kwa miaka mingi sehemu kubwa ilijenga majengo, kwa sababu jengo huzinduliwa na ripoti haizinduliwi. Na wachumi hawapendi kodi zilizofungiwa matumizi maalumu, kwa sababu nzuri. Hata hivyo, kati ya kodi hiyo yenye kasoro na asilimia 2 ya Kenya iliyo kwenye karatasi, ningechagua ya Nigeria bila kusita.

Kwa hiyo mkakati wowote wa bara ukiandikwa tena na asilimia 1 ukurasa wa mbele, ningependa uongezwe mambo yanayopimika kwa mwaka mmoja: kiasi kilichoidhinishwa na bunge, kiasi kilichotoka Hazina, tarehe kilipotoka, na sehemu ya maswali ya utafiti iliyochaguliwa na baraza la nchi yenyewe. Nchi inayotoa asilimia 0.1 kwa wakati kwa miaka kumi iwekwe juu ya ile iliyofika 1 kwa mradi wa mgeni. Wafadhili wenyewe wanaonekana kuisoma tofauti hiyo. Katikati ya mwaka 2025, baada ya pengo la Marekani, Hazina ya Afrika Kusini iliahidi kuongeza randi milioni 400 za utafiti kwa miaka mitatu, na Gates Foundation na Wellcome wakaweka randi milioni 100 kila mmoja juu yake. Jumla hiyo haizibi pengo lililoachwa, ila safari hii mgeni aliongeza juu ya pesa ya mwenyeji.