Anayekuletea mteja amekukopesha jina lake

Sijawahi kuona kamati ya harusi hapa Dar es Salaam ikimchagua mpambaji kwa sababu ya kadi ya biashara aliyoigawa kwenye kongamano la wajasiriamali. Ninapamba kumbi kwa miaka mingi sasa, na vikao navijua vinavyokwenda. Ajenda ya michango ikiisha, mwenyekiti anawageukia watu wa kamati ndogo ya mapambo: "Jamani, nani ana mtu wa uhakika?" Watu wanatazamana. Halafu mama mmoja anasema, "Yupo aliyepamba sendofu ya binti wa dada yangu kule Mbezi. Ukumbi ulipendeza, na alifika mapema." Katibu anaandika jina. Baadaye zitaletwa profoma (karatasi za makadirio ya bei) nyingine mbili tatu ili utaratibu uonekane umefuatwa, lakini huyo aliyetajwa na mtu aliyeiona kazi yake kwa macho ameshawatangulia wenzake.

Yule mama hakutaja bei wala aina ya maua. Alisema ulipendeza, na alifika mapema. Kwa maneno hayo machache ameweka jina lake rehani kwa ajili ya mtu ambaye pengine hana hata namba yake. Siku ya harusi vitambaa vya viti vikiwa na madoa, au saa kumi na mbili jioni bado niko juu ya ngazi nafunga taa za meza kuu, wanakamati hawatanitafuta mimi. Watamwangalia yeye: "Si ulisema ni mtu wa uhakika?" Na ataisikia kauli hiyo kwenye kila shughuli ya ukoo kwa mwaka mzima.

Ndiyo maana naamini tunawafundisha vibaya vijana wanaoingia kwenye biashara hii. Tunawaambia wajenge mtandao, wakusanye namba, wajiunge na makundi, wajulikane. Sawa, wajulikane. Lakini hatuwaambii kwamba kila mteja anayeletwa na mtu anakuja na deni kwa yule aliyemleta, na deni hilo lina namna yake ya kulipwa.

Tuanze na wa karibu kabisa. Kwenye ukumbi mmoja Jumamosi moja tunakuwepo wengi: MC, mpiga picha, mpishi, mtu wa keki, DJ, mwenye magari ya maharusi, meneja wa ukumbi. Wapambaji wengi huwachukulia wenzao hawa kama wapita njia. Mimi nasema hawa ndio mtandao wenyewe, kwa sababu kila mmoja anakaa na kamati nyingine wiki ijayo, na kila kamati itamuuliza anawajua akina nani.

Uhusiano nao haujengwi kwa maneno matamu. Mpishi anataka meza za bufee zikae karibu na mlango wa jikoni ili vijana wake wasikatize katikati ya wageni na masufuria ya moto. Mpiga picha anaomba taa ya jukwaani isiwe ya zambarau tupu, maana sura za maharusi zitatoka kama za wagonjwa. MC anahitaji njia pana katikati ya meza, kwa sababu ndafu itaingia imebebwa na watu wanaocheza, na nyuma yake kuna akina mama wa upande wa bibi harusi na vigelegele vyao. Mambo haya yote yanaamuliwa na mpambaji, asubuhi, kabla wenyewe hawajafika. Ukiwapigia simu siku moja kabla na kuwauliza unawekaje, umewafanyia jambo ambalo hawalisahau. Kazi nyingi nilizopata zimetoka kwenye simu za namna hiyo kuliko picha zote nilizoweka Instagram.

Jambo lingine linalowashangaza wengi ni kwamba ndugu na marafiki wa karibu si wao wanaoleta kazi nyingi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti uliogusa hasa suala hili. Aliwahoji watu wa Newton, karibu na Boston, waliokuwa wamebadilisha kazi muda si mrefu. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, ni takriban asilimia 17 tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya nusu walionana naye kwa nadra kiasi, na zaidi ya robo walikuwa hawaonani naye kabisa au mara moja tu kwa mwaka. Sababu yake inaeleweka. Mtu wako wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe, anakwenda misiba ileile na harusi zilezile. Mpishi wa Kigamboni unayekutana naye mara chache anaingia kwenye nyumba ambazo wewe hujawahi kukanyaga.

Kwa hiyo kumkumbuka mtu wa mbali ni kazi, na ina msimu wake. Sisi wa shughuli tunaujua msimu huo vizuri sana: Kwaresima na Ramadhani. Mwaka 2025 vyote viwili vilianza ndani ya siku chache za mwanzo wa Machi, kumbi zikabaki na vumbi. Wengi huutumia muda huo kulalamika kwamba hakuna hela. Mimi naona ndio wakati wa kumpitia fundi wa magauni Kinondoni na kumsalimia tu, kumpelekea futari mpishi ambaye hajapata kazi, kumuuliza mpiga picha hali ya mama yake aliyekuwa hospitalini Desemba. Usiende na ombi. Ukienda na ombi mtu anakujua umekuja kufanya nini kabla hujaketi.

Wenzetu wa nje wameyapa mambo haya utaratibu. Klabu ya Rotary ilipoanzishwa Chicago mwaka 1905 na wakili Paul Harris na wenzake watatu, walikutana kwa zamu kwenye ofisi ya kila mmoja, na katika miaka ya mwanzo kupeana biashara lilikuwa jambo la wazi kabisa kati ya wanachama. BNI, mtandao wa wafanyabiashara wanaoelekezana wateja ulioanzishwa na Ivan Misner huko California mwaka 1985, umeliendeleza wazo hilo: kundi linakutana kila wiki, na kila taaluma ina nafasi ya mtu mmoja tu, ili fundi umeme asikae na fundi umeme mwenzake. Napenda ule utaratibu wa kukutana mahali pa kazi pa mwenzako, maana ukiona stoo yake unajua kama unaweza kumtaja. Kinachonitia wasiwasi ni pale mwanachama anapotarajiwa kuja kikaoni na majina ya wateja. Mtu akibanwa alete, ataleta chochote: namba ya jirani ambaye hajasema anataka kitu. Jirani anapigiwa simu na mtu asiyemjua, anakereka, na aliyeitoa namba amepoteza pande zote mbili.

Kabla ya kutoa namba ya mtu, muulize mwenyewe. Siku hizi hata sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi, ya mwaka 2022, inataka tuwe makini na namba za watu, lakini hata isingekuwepo, ni adabu. Halafu usirushe namba tu na kusema "malizaneni". Mweleze fundi mteja ni nani, shughuli ni lini, ukumbi gani, na bajeti yao inasimamia wapi. Mweleze mteja kwa nini unamtaja huyu na si mwingine, na useme pia anachopungukiwa. Nina mtu wa keki ambaye nikimtaja nasema kabisa: keki yake ni tamu sana, ila simu hapokei asubuhi, mtumieni ujumbe. Hakuna kamati iliyomkataa kwa sababu hiyo, na hakuna iliyorudi kunilaumu.

Na sisi tunaoelekezewa wateja, tatizo letu kubwa ni ukimya. MC amekutaja, umepata kazi, umelipwa kianzio, na yeye hana habari. Anakuja kukuona ukumbini siku ya shughuli. Mtu huyo hatakutaja tena kwa moyo uleule, hata kama hatasema kitu. Mpe taarifa mkishaonana na kamati, mpe taarifa mkikubaliana, na mkishindwana bei mwambie pia, tena mapema, asije akakutana na mwenyekiti kanisani akaulizwa jambo asilolijua.

Sasa nifike kwenye cha juu, kwa sababu hapa ndipo mahusiano mengi ya biashara yanapooza. Pale Kariakoo winga anakupeleka duka, anaongeza chake juu ya bei, na kila mtu mjini anajua kazi ya winga ni ipi. Kwenye harusi ni tofauti. Hela ile ni michango. Kuna mtu ametoa elfu hamsini kutoka kwenye mshahara wake kwa ajili ya mtoto wa mfanyakazi mwenzake. Niliwahi kuambiwa na meneja wa ukumbi mmoja niongeze kiasi fulani kwenye profoma, kisha nimpe mkononi baada ya kulipwa. Nilikataa na kazi ikaenda kwa mwingine. Sina shida na kamisheni. Mtu aliyeniletea kazi akisema anataka asilimia kadhaa, namlipa kutoka kwenye faida yangu, na mteja akiuliza namwambia. Ninachokikataa ni kumfanya mteja alipie kificho, kwa sababu siku akigundua, hataniamini mimi wala aliyenitaja, na atakuwa na haki.

Wapo watakaosema chema chajiuza, haya mengine ya nini. Ningekubali kama mapambo yangekuwa yanakaa. Hayakai. Saa nane usiku vitambaa vimeshakunjwa, maua yamegawanwa na akina mama, na asubuhi ukumbi ni viti vya plastiki na sakafu. Kinachobaki ni kile watu watakachosema.

Hata kwa washindani msimamo wangu ni huohuo. Desemba ukinipigia na tarehe yangu imejaa, nitakutajia mpambaji mwingine, bila kusita, na yeye nitamwambia nimemtaja kwako. Yeye pia hunitaja. Lakini nitakutajia yule tu ambaye nimeiona kazi yake ukumbini, taa zikiwa zimewashwa na wageni wameketi. Ukiniuliza kuhusu mtu ambaye sijaiona kazi yake, nitakwambia namba ninayo ila kazi yake sijaiona, na kamati iamue yenyewe.